Chumvi Haina Molekuli, Mdogo Wangu

Barua iliyonikaa moyoni wiki hii imetoka kwa msichana wa kidato cha tatu anayeishi Kangemi. Kurasa mbili, kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu anayependa usafi. Ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili ni kilio cha kemia: amepata alama 6 kati ya 25 katika jaribio la bondi za ioni na bondi za kovalenti, ilhali usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameimeza mada nzima neno kwa neno. Halafu chini kabisa, kwa herufi zilizopungua kama za mtu anayenong'ona, ameongeza jambo lingine. Alilelewa na nyanya yake karibu na Gilgil kabla ya kuja Nairobi. Meno yake yana madoa ya kahawia. Akicheka huweka mkono mdomoni. Anataka kujua ni dawa gani ya meno itakayoyatoa.

Mdogo wangu, wewe umeona maswali mawili, moja la shule na moja la aibu. Mimi nimeona moja. Meno hayo unayoyaficha yameshikwa na bondi zilezile zilizokuangusha darasani, na nikikueleza jinsi madoa yalivyoingia utakuwa umeielewa mada. Kwa hiyo leo kona yetu ni ndefu kidogo. Wengine mnaosoma, hata mliomaliza shule zamani, songeni karibu: mna chumvi na magadi jikoni, na baadhi yenu mna watoto ambao meno yao yanajengeka sasa hivi ndani ya taya.

Umeandika kwamba mlifundishwa hivi: bondi ya ioni ni ndoa ya mtu anayempa mwenzake zawadi, bondi ya kovalenti ni ndoa ya watu wanaochanga. Mimi pia nilifundishwa hivyo, na simlaumu mwalimu mwenye wanafunzi sitini na kipindi cha dakika arobaini. Mfano huo unakubeba hatua ya kwanza. Ya pili unakutupa. Ukiuamini sana utaingia kwenye mtihani ukiwatafuta wapenzi wawili ndani ya punje ya chumvi, na hawamo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Sodiamu, ambayo vitabu vingine vya Kiswahili huiita natiri, ina elektroni 11 zilizokaa kwa mpango wa 2, 8, 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Sodiamu ikiachia ile moja ya nje inabaki na 2, 8, na kwa kuwa protoni zake bado ni 11, inakuwa ioni yenye chaji chanya. Klorini ikiipokea inakuwa 2, 8, 8, ioni yenye chaji hasi, nasi tunaiita kloraidi. Hapa ndipo wengi hufunga kitabu. Lakini uliza swali ambalo mama yeyote mwenye kibanda angeuliza: faida iko wapi? Kuzing'oa elektroni hizo kutoka kwa moli moja ya atomu za sodiamu hugharimu kilojuli 496. Klorini ikizipokea hurudisha kilojuli 349 tu. Ni biashara ya hasara ya kilojuli 147. Zawadi peke yake hailipi.

Anayelipa deni ni umati. Ioni chanya na ioni hasi zikishapatikana hazikai wawili wawili. Zinavutana kutoka kila upande na kujipanga kwa mafungu makubwa mno, na mpangilio huo unapojengeka hutoa kilojuli 787 kwa kila moli. Hasara imefutwa na kubaki chenji nyingi. Ndiyo maana chumvi ni kitu tulivu kinachokaa kwenye kopo miaka bila kuharibika, ingawa imetokana na metali inayolipuka majini na gesi ya sumu.

Umewaona vijana wa bodaboda pale Kangemi wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Chukua ubao ule uujaze wote: kila kisanduku cheusi weka ioni ya sodiamu, kila cheupe weka kloraidi. Kila moja ina majirani wanne wa chaji tofauti: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Sasa weka ubao mwingine juu na mwingine chini, umeugeuza ili cheusi kikae juu ya cheupe. Majirani wamekuwa sita. Endelea kupanga mbao hizo mamilioni kwa mamilioni na umepata fuwele moja ya chumvi, na pembe zake za mraba unaweza kuziona mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Haya, nionyeshe: sodiamu hii ni ya kloraidi ipi? Ni ya zote sita, na kila moja ya hizo sita ina sodiamu sita zake. Kwa hiyo ukiandika NaCl hujaandika jina la wawili waliooana. Umeandika uwiano: kwa kila moja ya hii kuna moja ya ile. Chumvi iliyo kwenye kopo lenu haina molekuli hata moja.

Ukiona jambo hili ni gumu kukubali, una wenzako wakubwa. William Bragg na mwanawe Lawrence waliusoma mpangilio huo kwa miale ya eksirei mnamo 1913, na miaka mingi baadaye bado walikuwapo waliokataa. Henry Armstrong, mkemia mkongwe wa Uingereza, aliandika katika jarida la Nature mwaka 1927 akiikasirikia vikali picha hii ya chumvi iliyopangwa kama ubao wa mchezo. Alikuwa amefundisha kemia maisha yake yote. Basi wewe wa kidato cha tatu usijione mjinga kwa kukwama mahali alipokwama yeye.

Sasa turudi kwenye karatasi yako. Uliulizwa kwa nini chumvi iliyo ngumu haipitishi umeme, ilhali iliyoyeyuka hupitisha. Ukaandika kwamba ikiyeyuka elektroni zinaachiliwa. Ulipewa sifuri, na samahani, ilikuwa haki. Elektroni za chumvi haziendi popote. Kila ioni imezishika zake. Kinachobeba umeme ni ioni zenyewe. Ndani ya fuwele zimebanwa na majirani sita, haziwezi kusogea. Zikipata moto wa nyuzi 801 za Selsiasi, au ukizitia majini, zinapata nafasi ya kutembea, chanya kuelekea upande mmoja na hasi kuelekea mwingine. Waya wa shaba ndio unaopitisha umeme kwa elektroni. Kwenye chumvi, andika ioni zinazosogea.

Hapa nina dokezo ambalo sijawahi kumsikia mtu akilisema. Kiswahili chetu husema "kuyeyuka" kwa mambo mawili: barafu huyeyuka kwa joto, sukari huyeyuka kwenye chai. Mtihani wenu wa kemia ni wa Kiingereza, na huko hayo ni maneno mawili yenye maana mbili. Mimi nilikuwa nayachanganya hadi kidato cha nne kwa sababu kichwani mwangu yalikuwa neno moja. Ukisoma swali, jiulize kwanza: hapa pana moto au pana maji? Chumvi ikiwa kwenye moto, ioni zinaachana kwa sababu zimetikiswa mno. Ikiwa majini, maji yenyewe yanazizunguka na kuzibeba moja moja.

Jumamosi hii usikariri. Nenda Luthuli Avenue ununue taa moja ndogo nyekundu ya LED na vipande vitatu vya waya mwembamba. Ni vitu vya bei ndogo. Nyumbani tafuta betri nne za tochi uzipange mstari mmoja, na penseli mbili fupi zilizochongwa ncha zote mbili. Unganisha betri, taa na penseli, halafu tumbukiza ncha za penseli kwenye kikombe zisigusane. Taa ina upande wake, kwa hiyo isipowaka igeuze. Kwanza weka chumvi kavu: giza. Ongeza maji: inawaka. Osha kikombe, weka maji safi na sukari vijiko vitatu: giza, au mwanga hafifu sana unaotokana na madini ya maji ya bomba. Weka maji na magadi: inawaka tena. Fungua dirisha, na usiiache chumvi ikifanya kazi zaidi ya sekunde chache, kwa maana klorini kidogo hutokea kwenye penseli moja. Na tafadhali, betri za tochi tu. Umeme wa ukutani huua, na sitaki kusikia habari hiyo.

Sukari haikuwasha taa kwa sababu haina ioni za kusogea. Molekuli moja ya sukari ni atomu 45: kaboni 12, hidrojeni 22, oksijeni 11, zote zimeshikana kwa kushirikiana elektroni. Gilbert Lewis wa Marekani ndiye aliyeleta wazo hilo mwaka 1916, kwamba atomu mbili zinaweza kushikwa na jozi ya elektroni iliyo kati yao, na Irving Langmuir akaipa bondi hiyo jina la kovalenti mwaka 1919. Viini viwili vyenye chaji chanya vinavuta jozi moja yenye chaji hasi, na kwa kuivuta pamoja haviachani. Hapa molekuli ipo kweli. Sukari iliyo kwenye chai yako inaelea molekuli nzimanzima.

Na hapa ndipo kosa la pili lilipokumeza, lile ambalo naliona kwenye barua zenu nyingi kiasi kwamba ningeweza kulibandika ukutani. Uliandika: "Sukari huyeyuka kwa joto dogo kwa sababu bondi za kovalenti ni dhaifu." Hapana, mdogo wangu, hapana kabisa. Fikiria stendi ya Odeon saa kumi na mbili jioni, familia zinangoja magari ya Westlands, Kangemi, Uthiru na Kikuyu. Kila familia imeshikana mikono. Mvua ikianza, familia zinatawanyika, hii chini ya kibaraza, ile ndani ya matatu, lakini hakuna mzazi aliyeachia mkono wa mtoto. Molekuli ni familia. Bondi ya kovalenti ni mkono, nao umeshikwa barabara. Kilicho dhaifu ni kile kinachokusanya familia na familia, yaani mvutano kati ya molekuli na molekuli. Sukari ikianza kuyeyuka karibu nyuzi 186, ni huo mvutano wa nje unaoshindwa. Endelea kuichoma, itakuwa kahawia kisha nyeusi na kutoa harufu: sasa ndiyo mikono inaachiana, maji yanatoka na kaboni inabaki. Maji nayo yakichemka kwenye sufuria, ule mvuke bado ni maji, kila oksijeni na hidrojeni zake mbili.

Ukitaka kuamini kwamba bondi ya kovalenti ina nguvu, tazama mchanga wa mto. Kaboni na silikoni ni ndugu, zinakaa kundi moja katika jedwali la elementi, kila moja ina elektroni nne za nje. Kaboni dioksaidi ni ile gesi inayopanda puani ukinywa soda. Silikoni dioksaidi ni mchanga, hauyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700. Zote mbili ni kovalenti! Tofauti ni kwamba kaboni imejifungia na oksijeni mbili ikamaliza, familia ndogo inayoruka peke yake. Silikoni imeshika oksijeni nne, na kila oksijeni imeshika silikoni nyingine, na mtandao ukaendelea bila kikomo. Kuyeyusha mchanga ni lazima mikono yenyewe ikatike. Swali la namna hii halikosekani kwenye mitihani, nalo ni la kupata alama zote.

Sasa magadi.

Nilikulia Kangemi, na mama yangu alikuwa akinituma sokoni kununua magadi ya shilingi chache, vipande vya kijivu kama mawe yaliyoloa, kwa ajili ya githeri na kwa ajili ya kunde na managu. Majirani zetu wa Kiluhya wao walikuwa na musherekha, maji yanayochujwa kwenye majivu ya mabua ya maharagwe. Humo kilichomo zaidi ni kaboneti ya potasiamu, jamaa wa karibu wa magadi. Miaka hiyo sikujua kwamba mkononi nilikuwa nimeshika jibu la mada nzima. Nilijua baadaye, nikiwa nasoma kemia chuo kikuu, kule Chiromo, na nilisikia uchungu kwamba hakuna aliyeniambia nikiwa na miaka kumi na sita.

Magadi hutoka Ziwa Magadi, kilomita zaidi ya 100 kusini-magharibi mwa Nairobi, ukiteremka kupitia Kiserian hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Ziwa halina mto wa kutokea. Chemchemi za moto pembezoni zinaleta maji yenye chumvichumvi, jua linayakausha, na kinachobaki ni tabaka nene linaloitwa trona. Kampuni ya Magadi Soda ilianza mwaka 1911, ikaunganishwa na reli kupitia Konza, na tangu 2005 iko mikononi mwa Tata Chemicals. Huko trona huchomwa, maji na sehemu ya kaboni dioksaidi zikatoka, ikabaki kaboneti ya sodiamu ambayo viwanda vya kioo na sabuni huihitaji sana. Kwenye tanuri la kioo, soda hiyo inaukata ule mtandao mgumu wa mchanga mahali mahali, ndipo mchanga unayeyuka kwa joto ambalo tanuri linaweza kulimudu.

Fungua sasa kaboneti ya sodiamu uitazame ndani: Na2CO3. Sodiamu mbili zimetoa elektroni, ni ioni chanya. Upande wa pili kuna kaboni moja na oksijeni tatu, na hao wanne wameshikana kwa kushirikiana elektroni, kovalenti kabisa, halafu kundi zima likabeba chaji hasi mbili na kuingia kwenye mpangilio kama ioni moja. Ndani kovalenti, nje ioni. Kitu kimoja, bondi aina mbili. Ulipoulizwa "taja aina ya bondi zilizomo katika kaboneti ya sodiamu" ukachagua moja, ulikosa kwa sababu umefundishwa kugawa vitu kama timu za mpira. Tone la ndimu juu ya magadi linaonyesha yote: povu linapanda, kaboneti imevunjika na kaboni dioksaidi inatoka, na sodiamu zinabaki zikielea majini kama kwamba hakuna kilichotokea. Trona yenyewe ina zaidi ya hayo, maana ndani yake mna pia hidrojenikaboneti na molekuli za maji.

Maharagwe yanalainika kwa magadi kwa sababu hiyohiyo ya chaji. Ngozi na nyama ya punje zimegandishwa kwa pektini, nyuzi ndefu zenye chaji hasi. Kalsiamu, kwa kuwa ina chaji chanya mbili, hushika uzi huu kwa mkono mmoja na uzi ule kwa mwingine. Sodiamu ina chaji moja tu. Ikiingia kwa wingi na kuchukua nafasi ya kalsiamu, nyuzi zinaachana, na ukali wa magadi unamalizia kazi ya kuzikata. Mama anaokoa makaa. Anapoteza vitamini B1, ndiyo, kwa hiyo kidogo kinatosha.

Lakini magadi huja na mgeni mwingine, na mgeni huyo ndiye aliyekupaka meno, mdogo wangu. Anaitwa floraidi: florini iliyopokea elektroni moja, ioni ndogo yenye chaji hasi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imejaa florini. Mahali penye kalsiamu nyingi, floraidi hukamatwa ikawa jiwe, kama lile lililokuwa likichimbwa Kimwarer katika Bonde la Kerio, kwa sababu floraidi ya kalsiamu haikubali maji: lita moja hubeba miligramu 16 hivi tu. Floraidi ya sodiamu ni kinyume, lita moja hubeba gramu 40. Na maji ya chini ya ardhi ya Nakuru, Gilgil na Naivasha yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Hakuna wa kuikamata floraidi. Inapanda na maji hadi kwenye kikombe cha mtoto. Visima vingi vilivyochimbwa Nairobi vina tatizo hilohilo, na ukumbuke majumba mengi ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington yanategemea visima. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka ni miligramu 1.5 kwa lita.

Jino limejengwa kwa fuwele za kalsiamu, fosfeti na hidroksidi, zimejipanga kama ule ubao wa drafti ila kwa ufundi zaidi. Hidroksidi ina chaji hasi moja. Floraidi ina chaji hasi moja, na ukubwa wao unakaribiana mno. Kwa hiyo floraidi huingia kwenye kiti cha hidroksidi bila kubisha. Ikiwa kidogo, jino linakuwa gumu zaidi dhidi ya asidi, ndiyo sababu imo katika dawa ya meno. Ikiwa nyingi, mtoto akiwa bado hajafika miaka minane na meno ya utu uzima yanajengwa ndani ya taya, ujenzi wenyewe unavurugika. Gamba la jino linatoka na vinyweleo vidogo ndani, halafu rangi za vyakula zinaingia humo na kukaa.

Wewe hukukosa kupiga mswaki. Nyanya yako hakukosea kukupa maji. Hujachafuka.

Ndiyo maana hakuna dawa ya meno itakayoyatoa madoa hayo, hata yenye tangazo zuri namna gani: rangi iko ndani ya fuwele, na povu halifiki. Usisugue kwa majivu, wala makaa, wala ndimu. Asidi ya ndimu inaing'oa ile hidroksidi na fosfeti na kukuachia gamba jembamba kuliko ulilonalo. Waganga wa meno wanazo njia: kukwangua tabaka la juu kidogo sana, kung'arisha, au kufunika sehemu ya mbele kwa utomvu wenye rangi ya jino. Dawa yenye floraidi endelea nayo. Kwa umri wako haiwezi kukuongezea doa.

Enyi wenye watoto wadogo, nanyi nisikilizeni. Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi floraidi. Ioni hairuki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, na kila mnavyochemsha zaidi ndivyo inavyokolea. Kuchemsha ni kwa vijidudu, endeleeni kwa ajili hiyo. Kama jumba lenu lina kisima, mwombeni mwenye nyumba karatasi ya vipimo vya maji mwone mstari wa floraidi, na mtoto aliye chini ya miaka minane anywe maji ya mvua au ya bomba la jiji mpaka mjue. Nakuru, Dayosisi ya Kanisa Katoliki imekuwa ikichuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na sasa mnaweza kukisia kwa nini inafanya kazi: mfupa umejengwa kwa fuwele zilezile za jino, floraidi inakaa mle badala ya kukaa kwa mtoto. Na magadi kwenye chakula cha mtoto mdogo, wekeni mbali. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji yale, yataiva.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nikienda maktaba ya McMillan, Banda Street, siku za Jumamosi, kwa sababu nyumbani hapakuwa na meza. Nilichojifunza pale ni kusoma nikiwa na swali moja tu mkononi. Fanya hivyo na hili jaribio lako. Chukua kila swali ulilokosa, chini yake andika kwanza: ni nini kimo humu, ioni au molekuli au mtandao? Halafu: nini kinasogea, au nini kinaachana? Usiandike jibu mpaka umejibu hayo mawili. Kisha umpelekee mwalimu wako karatasi mpya, hata kama alama zimeshaingizwa. Umeandika pia kwamba unawaza kuacha kuhangaika na kemia; hilo tulizungumze ukishafanya ule mtihani wa kikombe na taa.

Na siku ya likizo panda gari la mjini, kisha la kupitia Hurlingham, ushuke Barabara ya Argwings Kodhek, kwenye Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Nenda na mama au shangazi. Waambie ulikulia Gilgil, useme floraidi, nao watajua wanaongea na mtu anayeelewa kinywa chake. Daktari atakuambia ufungue mdomo. Utoe mkono.